Amri moja, programu tayari: Jua msimamizi wa vifurushi kabla hujachoma bando

Mwanafunzi wa kompyuta jijini Dodoma akiambiwa aweke Python kwenye mashine yake, mara nyingi anafanya moja kati ya mambo mawili. Anaingia Google na kubofya tovuti ya kwanza inayotokea, au anaazima flashi ya mwenzake. Zote zinaweza kufanya kazi, ila tovuti inaweza kuwa feki, flashi inaweza kuwa na virusi, na bando likikata katikati huenda kazi ikaanza upya.

Ipo njia ya tatu, na haihitaji kutafuta tovuti yoyote. Inaitwa msimamizi wa vifurushi. Anatumika kwa kuandika amri kwenye terminali, ile skrini nyeusi ambayo wengi wameizoea kwenye filamu za wadukuzi.

Kifurushi hapa si bando

Usichanganye na kifurushi cha mtandao wa simu. Hapa kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake: jina, toleo, ukubwa na programu nyingine inazozitegemea ili ifanye kazi.

Vifurushi hivyo hukaa kwenye ghala moja la mtandaoni. Fikiria ghala la nafaka pale Kizota: mzigo una rekodi, na unajulikana umetoka wapi. Debian 12, mfumo wa Linux uliotoka Juni 2023, una vifurushi zaidi ya 64,000 kwenye ghala lake. Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, umejengwa juu ya Debian na unatumia msimamizi yuleyule, anayeitwa apt.

Amri tatu za kujua

Kwenye Ubuntu, kazi kubwa ipo hapa:

sudo apt update
sudo apt install vlc
sudo apt upgrade

Ya kwanza haisakinishi kitu. Inaleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Ya pili inaleta VLC pamoja na kila inachokitegemea, bila wewe kuvitafuta kimoja kimoja. Ya tatu ndiyo inayosasisha programu zote zilizopo, na ndiyo inayoweza kumaliza bando. Wengi huchanganya update na upgrade, kisha wanashangaa GB zimekwenda wapi.

Neno sudo linaipa amri mamlaka ya juu kwenye mashine, kwa hiyo usiliandike kwa mazoea.

Soma kabla ya kubonyeza Y

Amri ikiwa na mzigo wa ziada wa kuleta, apt husimama na kuuliza kama iendelee. Angalia mstari unaotaja ukubwa wa mzigo wa kupakua. Hapo pameandikwa MB zitakazopakuliwa. Mstari unaofuata unaonyesha nafasi itakayotumika kwenye diski. Kama bando halitoshi, bonyeza n na hakuna kitakachopakuliwa.

Mnakaa chumba kimoja na mnahitaji programu ileile? Mmoja anaweza kupakua bila kusakinisha:

sudo apt-get install -d vlc

Mafaili yanakaa kwenye /var/cache/apt/archives, na yanaweza kubebwa kwa flashi. Masharti ni mawili: mashine ziwe na toleo moja la mfumo, na aliyeleta mafaili awe mtu unayemwamini. Apt ikichukua mzigo ghalani hukagua saini ya kidijitali. Faili la .deb unalolisakinisha moja kwa moja kutoka kwenye flashi halipiti ukaguzi huo.

Huna kompyuta? Simu inatosha kuanza

Termux ni programu ya Android inayoleta terminali kwenye simu bila kuiroot. Watengenezaji wake wanaelekeza kuipakua F-Droid au GitHub. Humo msimamizi anaitwa pkg, na nyuma ya pazia anatumia apt:

pkg update
pkg install python

Ukiandika pkg show python utaona ukubwa wake kabla hujapakua. Kwa anayesubiri kununua laptop, hii ni maabara ya mfukoni: anaweza kujifunza Python, git na hata C kwa kusakinisha clang.

Kwa nini Dodoma ijali

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya kompyuta, CIVE. Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, nayo makao yake makuu yapo jijini humo. Mifumo mingi ya mtandaoni duniani inaendeshwa na seva za Linux, ambazo kwa kawaida hazina madirisha wala kipanya. Anayeingia kuzihudumia anakutana na skrini nyeusi. Kijana aliyezoea apt ana hatua moja mbele kwenye usaili.

Amri nayo ina hatari zake

Maghala hayafanani. PyPI ya Python na npm ya JavaScript yako wazi, yeyote anaweza kupandisha kifurushi. Matapeli huweka majina yanayokaribiana na ya kweli, hivyo herufi moja ukikosea unaweza kujiwekea programu ya mwizi.

Hata maghala makubwa hujaribiwa. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya kifurushi cha xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ulikuwa umeshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Waliokuwa kwenye toleo thabiti la Debian hawakuguswa.

Kwa hiyo shika haya:

- Tumia ghala rasmi la mfumo wako kwanza.
- Baki kwenye toleo thabiti, achana na la majaribio kama bado unajifunza.
- Hakiki jina la kifurushi herufi kwa herufi.
- Usinakili amri yenye sudo kutoka WhatsApp au YouTube kama hujui kila neno linafanya nini.
- Sasisha mara kwa mara, hasa ukipata Wi-Fi ya chuo. Viraka vya usalama vinakuja kwa njia hiyo.