Mlipuko wa ugonjwa: kuwahi ni gharama, kuchelewa ni hasara

MKULIMA wa viazi wa Igowole, wilayani Mufindi, hahitaji kufundishwa maana ya kuwahi. Anajua kuwa ukungu ukishatapakaa shamba zima, dawa haisaidii tena. Ndiyo maana hupiga dawa wakati majani bado ni mabichi, mara tu mvua na baridi vinapofuatana, hata kama mpita njia anamwona anapoteza fedha.

Lakini serikali inapofunga mnada au kuzuia mikusanyiko kwa sababu ya wagonjwa wachache tu, mkulima huyo huyo huuliza: kwa nini hatua kali namna hii, wakati ugonjwa wenyewe haujafika hapa?

Swali hilo ni la haki. Hasara ya soko kufungwa anaiona leo mfukoni mwake, ilhali faida yake haionekani. Jibu linapatikana kwa kulinganisha magonjwa mawili yaliyobainika mkoani Kagera kwa kupishana miaka 40. Moja liliifikia Iringa na bado lipo. Jingine halikufika.

Wagonjwa watatu wa mwaka 1983

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI ulianza mwaka 1988, lakini ni mwishoni mwa mwaka 1999 ndipo Rais Benjamin Mkapa alipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa. Tume ya Kudhibiti UKIMWI (TACAIDS) iliundwa mwaka 2001, na dawa za kurefusha maisha zikaanza kutolewa bure mwaka 2004.

Kutoka wagonjwa watatu hadi tangazo la janga ilipita miaka 16, na virusi havikusubiri. Mtu aliweza kuishi navyo miaka mingi bila dalili, akiwaambukiza wengine bila kujua. Mufindi ilikuwa mahali pepesi kufikiwa: ipo barabara kuu ya kwenda Zambia, yapo mashamba ya chai, misitu ya Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Shughuli hizo zilileta ajira, pia zilileta watu wengi walioishi mbali na familia zao.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003/04 ulionyesha kuwa asilimia 13 ya watu wazima mkoani Iringa walikuwa na virusi, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7. Mwaka 2007/08 kiwango cha Iringa kilifika karibu asilimia 16, cha juu kuliko mikoa yote. Hata katika utafiti wa mwaka 2022/23, Iringa ilikuwa na asilimia 11 na Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, karibu asilimia 13. Wastani wa taifa ulikuwa chini ya asilimia 5.

Kwa kaya ya mkulima, tarakimu hizo zina maana ya jembe lililokosa mshikaji. Mgonjwa hawezi kulima, na anayemuuguza naye halimi. Ng'ombe huuzwa ili kulipia matibabu, miti hukatwa kabla ya kukomaa, shamba hukodishwa kwa bei ya kutupa. Mwisho bibi hubaki na wajukuu, na ujuzi wa kilimo wa kizazi kizima hupotea.

Senegal, ambako UKIMWI ulibainika mwaka 1986, iliunda kamati ya taifa mwaka huo huo, ikapima damu ya kuongezewa wagonjwa na kuwashirikisha viongozi wa dini mapema. Zipo sababu nyingine pia, lakini maambukizi nchini humo hayakupata kufikia viwango vya Iringa.

Kagera tena, mwaka 2023

Machi 2023 watu wa Bukoba Vijijini walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 mwezi huo Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni homa ya Marburg, inayoua wastani wa nusu ya wanaoipata. Wagonjwa walitengwa, na zaidi ya watu 200 waliokuwa karibu nao wakafuatiliwa kila siku. Juni 2, 2023 mlipuko ulitangazwa kumalizika: wagonjwa tisa, vifo sita. Marburg ilipoibuka tena Biharamulo, mkoani humo, Januari 2025, ilizimwa kufikia Machi baada ya watu 10 kufariki.

Tofauti kati ya kuwahi na kuchelewa ilionekana pia Afrika Magharibi. Ebola iliyoanzia Guinea mwishoni mwa mwaka 2013 haikutambuliwa hadi Machi 2014. Kufikia mwaka 2016 ilikuwa imeua zaidi ya watu 11,000, na mashamba na masoko ya nchi tatu yalikuwa yamevurugika. Nigeria, iliyomnasa mgonjwa wake wa kwanza Julai 2014 na kuwafuatilia wote waliokutana naye, iliishia na wagonjwa 20 na vifo vinane.

Hesabu yenyewe

Chukua ugonjwa ambao wagonjwa wake huongezeka maradufu kila wiki. Mgonjwa mmoja huwa wanane baada ya wiki tatu, na 1,024 baada ya wiki kumi. Wanane wanaweza kutengwa katika kituo kimoja cha afya na soko likafungwa wiki chache. Kwa wagonjwa 1,024 hakuna hospitali ya wilaya itakayotosha, na soko litajifunga lenyewe kwa hofu, bila tangazo la mtu yeyote.

Ugumu ni kwamba hatua ikifaulu, huonekana kama ilitiwa chumvi. Watu husema, "Mbona waliokufa ni sita tu?" Hao sita tu ndio ushahidi kwamba hatua zilifanya kazi.

Anayebeba gharama asiachwe peke yake

Hata hivyo, hatua kali hufaulu pale tu watu wanapozikubali. Wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua hili kutokana na homa ya nguruwe, iliyoingia Kyela mwaka 2010. Ugonjwa huo hauna tiba, na karantini ndiyo kinga kubwa. Lakini mfugaji anayejua kuwa akitoa taarifa atapoteza nguruwe wote bila fidia, hushawishika kuwauza usiku. Wanunuzi huondoka na ugonjwa hadi kijiji kingine. Vivyo hivyo, muuza mboga anayefungiwa soko bila msaada wowote atauza uchochoroni.

Jambo la pili ni ukweli. Wakati wa UVIKO-19, takwimu za wagonjwa hazikutangazwa nchini tangu mwishoni mwa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021. Katika kipindi hicho mfanyabiashara hakuwa na namna ya kupima hatari kabla ya kusafiri kufuata mzigo. Jambo la tatu ni muda: hatua kali iwe na tarehe ya kupitiwa upya, isije ikageuka mazoea.

Mengine yako mikononi mwa kijiji. Mkutano mkuu unaweza kukubaliana mapema nani atapokea taarifa za vifo visivyo vya kawaida, mnada utahamishiwa wapi, na nani atapeleka chakula kwa kaya iliyotengwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kutenga mfuko wa dharura kila msimu, kama vile mkulima anavyotenga fedha za dawa kabla ya kupanda viazi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Iringa imelipia methali hiyo kwa miaka 40, na kwa maelfu ya kaya malipo hayo hayajaisha.