Fahamu Namna ya Kukabiliana na Mawazo ya Kujilaumu

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kukabiliana na msongo wa mawazo, wenye mbinu zinazohitaji dakika chache tu za mazoezi kila siku.

Mwongozo huo haumtaki mtu ayafukuze mawazo yanayomsumbua, kwani mara nyingi hurudi. Humtaka alitambue wazo, alitaje, kisha arejeshe umakini wake kwenye jambo analolifanya.

Kwa mfano, mtumishi aliyekosea hesabu kazini anaweza kukesha akijiambia, "Mimi sifai." Akisema, "Hili ni wazo kwamba sifai," analitenganisha wazo na ukweli: kilichokosewa ni hesabu, nayo inaweza kurekebishwa asubuhi. Aidha, anahimizwa kujisemesha kwa upole, kama ambavyo angemsemesha rafiki aliyekosea.

Hata hivyo, huzuni au kukosa hamu ya shughuli kunakodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi kunaweza kuwa dalili ya sonona, hivyo mhusika anapaswa kufika kituo cha afya. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri. Apelekwe mara moja.