Kilometa 430 peke yako mvuani: Safari inayowaachia wafugaji fedha

ANAYEAMUA kutembea peke yake njia ya Pennine Way, kutoka kijiji cha Edale katikati ya England hadi Kirk Yetholm, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Scotland, huwa na kilometa zipatazo 430 mbele yake. Wengi huzimaliza kwa wiki mbili hadi tatu. Katika siku hizo anaweza kuunguzwa na jua asubuhi, akalowa mchana na kupotelea kwenye ukungu kabla ya jioni, tena mwezi Juni ambao huko ni kiangazi.

Mgeni wa namna hii hana gari, hana mwenzake wa kugawana naye gharama za chumba, na mara nyingi mzigo wake wote umo mgongoni. Kwa haraka haraka si mteja wa kumkimbilia. Lakini kwa wafugaji wa kondoo wa milima ya Pennine, ambao njia hiyo hukatiza katikati ya malisho yao, ni mteja anayeletwa mlangoni na hali ya hewa bila tangazo. Mvua ikichachamaa, yule aliyekusudia kulala kwenye hema huanza kuulizia bei ya kitanda.

Wazo la njia hiyo lilitolewa Juni 1935 na mwandishi wa habari Tom Stephenson katika gazeti la Daily Herald, baada ya wasichana wawili kutoka Marekani kuuliza kama Uingereza kuna njia ndefu ya kutembea kama ile ya Appalachian ya kwao. Haikuwapo. Sehemu kubwa ya milima ilikuwa ya matajiri waliofuga ndege wa kuwinda, na walinzi walifukuza watu. Miaka mitatu kabla, mwaka 1932, mamia ya watembeaji walikuwa wameingia kwa nguvu mlima Kinder Scout na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa na haki ya kufika mashambani ilipitishwa mwaka 1949, na Pennine Way ikafunguliwa rasmi Aprili 24, 1965. Yaani miaka 30 tangu Stephenson aandike.

Jambo ambalo mgeni huchelewa kulielewa ni kwamba ardhi bado ni mali ya mwenyewe. Umma una haki ya kupita tu. Mfugaji hatozi ada ya kupitiwa uani kwake, na anatakiwa kuiacha njia wazi. Anachoweza kupata ni kile anachouza: chumba na kifungua kinywa, nafasi ya kusimika hema, chai, mkate wa kubeba njiani. Asiyeuza chochote huambulia nyayo za watu na mageti yaliyoachwa wazi.

Thamani ya nyayo hizo ilionekana mwaka 2001. Februari 20 mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo, ambao wafugaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa, ulithibitishwa nchini Uingereza. Hadi Septemba vilikuwa vimepatikana visa 2,026, na zaidi ya mifugo milioni 6 iliuawa, wengi wakiwa kondoo. Kwa kuwa virusi vyake huweza kubebwa hata na tope la kiatu, njia za miguu zilifungwa karibu nchi nzima.

Kilichofuata kiliwashtua hata wapangaji wa uchumi. Nyumba za wageni, baa na maduka ya vijijini yalikaa bila wateja katika miezi ambayo huwa ya mavuno kwao. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikadiria kuwa janga hilo liliigharimu serikali zaidi ya pauni bilioni 3 na sekta binafsi zaidi ya pauni bilioni 5, na utalii ulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Mfugaji aliyeuliwa kondoo alilipwa fidia. Jirani yake aliyekuwa akipangisha vyumba viwili kwa watembeaji, kwa kawaida, hakulipwa kwa vitanda vilivyobaki vitupu.

Kwa mtembeaji wa peke yake, siku inayoogopwa zaidi ni ile ya kutoka Dufton kwenda Garrigill, kiasi cha kilometa 25, kupitia Cross Fell. Hicho ndicho kilele cha juu kuliko vyote njiani, mita 893. Kwa kila mita 100 za kupanda, joto hushuka kwa zaidi ya nusu ya nyuzijoto moja, hivyo anayeondoka kijijini na shati anaweza kuhitaji glavu juu. Hakuna duka wala nyumba ya mtu katikati. Kuna kibanda cha mawe tu, Greg's Hut, kilichokuwa makazi ya wachimba madini ya risasi, ambacho huachwa wazi kwa yeyote aliyezidiwa.

Mlima huo una upepo wake, Helm Wind, ambao wenyeji husema ndio pekee Uingereza wenye jina. Hutokea kaskazini-mashariki, ukaporomoka kwa nguvu upande wa Dufton, na dalili yake ni wingu linalokaa juu ya mlima kama kofia. Mfugaji wa chini huliona wingu hilo akiwa anakunywa chai. Mgeni anayetegemea utabiri wa simu aliousoma jana yake hana faida hiyo, na ndiyo maana swali la bure kwa mwenye nyumba asubuhi lina thamani kuliko koti la bei kubwa.

Koti lenyewe, hata hivyo, halikwepeki. Vingine ni ramani ya karatasi na dira, kwa kuwa mtandao wa simu hupotea mabondeni, tochi, chakula cha akiba na filimbi. Mlio wa filimbi mara sita ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, ni ishara ya kuomba msaada. Jibu ni milio mitatu. Penye mtandao hupigwa 999 na kuomba polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani. Vikosi hivyo ni vya watu wa kujitolea, na baadhi yao huacha kazi zao ili kwenda kumtafuta mtu kwenye ukungu.

Hapo ndipo kitanda kilichowekewa nafasi kinapokuwa zaidi ya kitanda. Asiye na mwenzake hana wa kugundua kwamba hajafika, isipokuwa mwenye nyumba anayemsubiri kwa chakula cha jioni. Anayebadili mpango wake na kulala kwingine bila kupiga simu anaweza kuwatoa watu usiku kumtafuta ilhali yeye amejifunika blanketi. Wenye nyumba hulichukia jambo hilo kuliko hata buti zenye tope kwenye zulia.

Tope nalo limepunguzwa. Sehemu zenye udongo wa mboji, ambako zamani mtu alizama hadi magotini, zimetandikwa mawe bapa, mengi yakiwa yametoka sakafu za viwanda vya nguo vilivyokufa, na baadhi yalipelekwa kwa helikopta. Lakini mawe hayazuii theluji. Novemba 2021 dhoruba iliyoitwa Arwen iliwafungia watu zaidi ya 60 kwa siku tatu katika Tan Hill, baa iliyo mita 528 juu ya usawa wa bahari, kando kabisa ya njia hiyo.

Kwa wafugaji, hesabu za watembeaji zimeongezeka uzito tangu mwaka huo huo wa 2021, serikali ilipoanza kupunguza hatua kwa hatua malipo ya moja kwa moja kwa wakulima wa England, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Kondoo wa mlimani peke yake ni shida kulipa gharama zote za shamba.

Wapo waliojifunza kuuza hata uchovu wa mgeni. Kipande cha mwisho, kutoka Byrness kuvuka milima ya Cheviot hadi Kirk Yetholm, ni zaidi ya kilometa 40 bila kijiji, na mvua ikimkuta mtu huko kuna vibanda viwili tu vya kujihifadhi. Baadhi ya wenye nyumba za wageni wamekuwa wakimfuata mtembeaji kwa gari mahali njia inaposhukia bonde, wanamrudisha kulala, na asubuhi wanampeleka pale pale alipoishia. Mgeni hukausha soksi, na mwenye nyumba huandika usiku wa pili kwenye bili.