Unataka gari liingie getini? Pata kibali kwanza, ndipo ulipe

Umejenga Membley, Ruiru, au Ngoingwa kule Thika. Geti liko tayari, lakini kati ya geti na lami kuna mtaro na ukingo wa mawe. Gari haliwezi kupanda. Fundi anakwambia, "Mathe, leta lori moja la murram tujaze huo mtaro, leo jioni unaingia." Halafu anatokea jamaa wa jaketi la kung'aa: "Hiyo kazi inataka kibali. Nitumie elfu tano kwa hii namba, kesho nakuletea."

Fundi amekosea, na jamaa wa jaketi huenda anakula pesa yako. Hebu tuone njia iliyo sawa.

Kwa nini kibali?

Kipande kilicho kati ya ua wako na lami si chako. Ni hifadhi ya barabara. Humo hupita mtaro wa maji ya mvua, mabomba, nyaya na watu wanaotembea kwa miguu. Ukijaza mtaro, mvua ya Aprili itapeleka maji kwa jirani, au iyarudishe sebuleni kwako. Mwenye barabara akija, anaweza kubomoa ulichojenga, na gharama ni yako.

Barabara ni ya nani?

Hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu:

- KeNHA: barabara kuu za kitaifa, kama Thika Superhighway.
- KURA: barabara za mijini zilizo chini ya serikali kuu.
- KeRRA: barabara za mashambani zilizo chini ya serikali kuu.

Barabara nyingi za ndani ya mtaa ni za kaunti, na Thika na Ruiru zote ziko Kaunti ya Kiambu. Kama huna uhakika, anza kwa ofisi ya kaunti iliyo karibu nawe, uulize idara ya barabara. Barabara ikiwa si yao, watakuelekeza.

Hatua kwa hatua

1. Andika barua ya maombi. Taja namba ya ploti, jina la barabara na upana wa njia unayotaka.
2. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, hati ya umiliki na mchoro mdogo unaoonyesha geti, mtaro na lami. Uliza ofisini kama kuna karatasi nyingine wanayotaka. Ukiwa mpangaji, mwenye nyumba ndiye aombe.
3. Subiri afisa aje kukagua. Ataangalia mtaro, nguzo za stima na kama dereva anaona vizuri akitoka.
4. Pokea bili rasmi yenye jina lako na namba yake.
5. Lipa, kisha chukua risiti na barua ya kibali. Fundi aanze kazi baada ya hapo tu.

Kulipa kwa simu bila kuliwa

Malipo ya taasisi za serikali kuu hupitia eCitizen, na Paybill yake ni 222222. Malipo ya kaunti yana namba yake, iliyoandikwa kwenye bili. Usichanganye hizo mbili, na usikubali namba uliyotajiwa barabarani.

Kwenye sehemu ya akaunti, weka namba ya bili, si jina lako. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kwenda kwa bili ya mtu mwingine. Kabla ya kuthibitisha malipo, soma jina la anayepokea. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo hapo. Ada ya serikali hailipwi kwa namba ya mtu, hata kama ana kitambulisho cha kazi shingoni.

Usifute ujumbe wa muamala. Piga skrinshoti, umtumie pia mtu wa nyumbani. Lakini kumbuka: huo ujumbe unathibitisha kwamba umelipa, haukupi ruhusa ya kujenga. Ruhusa ni barua. Na ukigundua umetuma pesa pasipofaa, piga huduma kwa wateja mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni kazi ngumu.

Siku ya fundi

Maji lazima yaendelee kupita. Weka kalavati ya ukubwa uliotajwa kwenye kibali; bomba jembamba huziba kwa mifuko na taka. Mteremko usiingie kwenye lami, na njia ya watembea kwa miguu ibaki wazi kwa mama mwenye mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu.

Mwisho, kibali hakikufanyi mwenye kile kipande. Barabara ikipanuliwa, kinaweza kuchukuliwa. Usiweke kibanda wala ukuta hapo.

Jamaa wa jaketi akirudi, mwambie hivi: "Nipe bili, nitalipa kwa Paybill." Kama ni mtu wa kweli, hatakasirika.