Maombolezo ni mashairi, tuyasome kama mashairi

Kutoka Ituri mpaka Fizi kitabu cha Maombolezo tunakijua kwa aya chache za sura ya 3, zile zinazosema juu ya rehema za Mungu zisizokwisha. Tunazihubiri, kwaya zinaziimba, kisha tunafunga kitabu. Sehemu nyingine yote, yenye njaa, watoto wanaozimia barabarani na manung'uniko mbele za Mungu, tunairuka. Nafikiri sababu moja ni kwamba tunakisoma kama barua ya mtume, ambamo kila sentensi ni fundisho. Lakini haya ni mashairi matano, kila sura shairi lake, ya kuulilia mji wa Yerusalemu ulioangushwa na Wababeli mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo.

Aliyejifunza shairi la Kiswahili shuleni, lenye mizani 8 na 8 na vina mwishoni, atavitafuta hapa na hatavipata. Ushairi wa Kiebrania unasimama juu ya mistari inayokwenda pamoja kama pacha. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia kwa maneno mengine, unalipinga au unaliongezea. Mwombolezaji wa kwetu angeweza kutunga hivi: Shamba letu limemezwa na nyasi, jembe letu limeshika kutu. Hizo si habari mbili. Ni huzuni moja iliyotazamwa mara mbili, na mara ya pili inauma zaidi. Mwingereza Robert Lowth aliueleza mpango huu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1753, na tangu hapo wasomaji wa Biblia wanautumia. Mhubiri asiyeujua huchukua taa na mwanga wa Zaburi 119 na kutengeneza hoja mbili, taa ikiwa ya leo na mwanga ukiwa wa kesho. Mtunzi alikuwa akisema jambo moja tu!

Kisha kuna picha. Katika sura ya 1 mji ni mwanamke mjane anayelia usiku, na mara tano tunaambiwa kwamba hana mfariji, au kwamba mfariji yuko mbali. Kurudia kwa namna hiyo ndiyo kazi ya shairi: msikilizaji anajikuta ameketi karibu na mama huyo. Mapigo nayo yanasaidia. Mara nyingi mstari una sehemu ndefu yenye mapigo matatu, halafu fupi yenye mawili, kama mtu anayechechemea, au anayekatika pumzi kwa kulia. Tafsiri zetu haziwezi kubeba mapigo hayo, ndiyo maana ni vizuri msomaji wa ibada asikimbie.

Ninalotaka tulitazame zaidi ni umbo la kitabu. Alfabeti ya Kiebrania ina herufi 22. Sura ya 1, ya 2 na ya 4 zina aya 22 kila moja, na kila aya inaanza na herufi yake kwa kufuata utaratibu wa alfabeti. Sura ya 3 ina aya 66, tatu tatu kwa kila herufi. Mtu anayelia ovyo hatungi hivyo. Huyu amechukua machozi yake na kuyapanga kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ili asiache uchungu wowote bila kuusema mbele za Mungu.

Tazama basi mahali ambapo tumaini limewekwa. Liko katikati, ndani ya shairi la tatu, si mwishoni. Baada yake kilio kinarudi, na sura ya 4 inasimulia njaa kwa ukali kuliko mwanzo. Sura ya 5 ina aya 22, lakini herufi hazifuatani tena, na mistari imekuwa mifupi. Ni kama nguvu za kupanga zimekwisha. Hapo watu wanamweleza Mungu kwamba nyumba zao zimekaliwa na wageni, kwamba maji na kuni wanavinunua kwa fedha, kwamba kutafuta chakula ni kuhatarisha uhai kwa sababu ya upanga huko nje. Mama aliyekimbia vita na kuacha shamba lake hahitaji mtu wa kumfafanulia aya hizo.

Kwa hiyo mhubiri anayemwendea mtu huyo na aya za katikati peke yake amevunja shairi. Anampa tumaini bila kumpa nafasi ya kulia, na mara nyingine anamwacha akidhani kwamba kulalamika ni kukosa imani. Ninashauri tusome sura ya 5 nzima katika ibada, polepole, na ikiwezekana asome mmoja wa wale waliofiwa au waliohama. Mahubiri yanaweza kungoja Jumapili nyingine.

Swali la aya ya mwisho, kama Mungu amewatupa kabisa watu wake, linabaki bila jibu. Wayahudi husoma kitabu hiki kila mwaka siku ya 9 ya mwezi wa Av, wakikumbuka hekalu lililobomolewa. Wakifika hapo hawaifuti aya hiyo. Wanaisoma, kisha wanarudia kwa sauti ile iliyoitangulia, ambayo ni ombi kwamba Mungu awarudishe kwake.