Kuitwa Tena: Kazi ya Mwanamuziki wa Jukwaani kati ya Gataka na Kitengela

Vijana wengi wanaonijia kutoka Gataka, Rongai na Kitengela huuliza swali moja: nifanyeje wimbo wangu uvume? Ni swali la haki, lakini silo linalomweka mwanamuziki jukwaani kwa miaka ishirini. Nimesimamia bendi kwa muda wa kutosha kuwa na hakika na jambo hili: kazi ya jukwaani hujengwa na mwenye ukumbi anayekupigia simu mara ya pili, kisha ya tatu, hatimaye akakutengea siku yako kila wiki. Wimbo ukivuma, heri. Usipovuma, siku hiyo ya kila wiki ndiyo itakayolipa kodi ya nyumba.

Kaunti ya Kajiado, iliko mitaa hiyo, ina nafasi ya kazi ya namna hiyo. Barabara ya Magadi kutoka Bomas kupita Rongai hadi Kiserian ina kumbi za nyama choma, baa, bustani za harusi na makanisa yenye vyombo kamili. Upande wa barabara ya Namanga, Kitengela nayo ni hivyo hivyo. Wakazi wametoka kila pembe ya nchi wakawakuta Wamaasai wenyeji, na meza moja inaweza kuwa na Mkikuyu, Mluo, Mkamba na Mkisii. Ndiyo maana mpiga gitaa wa huku hawezi kuishi kwa mugithi, muziki wa dansi wa Kikuyu, pekee. Watu wakiwa wanakula, anawapigia rumba ya taratibu. Wakishashiba, benga. Mugithi huiweka akiba hadi aone watu wameanza kusimama wenyewe, maana ukiifungua mapema umemaliza usiku kabla haujaanza. Mwanamuziki anayejua nyimbo mia moja za watu wengine na kumi zake huitwa tena. Mwenye kumi zake tu huitwa mara moja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ukumbi unakulipa shilingi 15,000 kwa usiku mmoja. Vyombo vya kukodi vinachukua 5,000, mpiga kinanda 2,500, mpiga dramu 2,500, na gari la kuwarudisha nyumbani saa tisa usiku 1,500. Umebaki na 3,500, na bado hujanunua nyuzi za gitaa. Sasa chukua usiku huo huo, lakini spika, mixa na maikrofoni ni vyako: umebaki na 8,500. Kwa sababu hiyo huwa nawasihi vijana wanunue vyombo kabla ya kulipia video. Video hukaa kwenye simu za watu, nayo spika hukupa pesa kila Jumamosi. Na kama una ajira nyingine, usiiache mapema. Samidoh alijipatia jina katika mugithi huku akiwa bado afisa wa polisi, na hakuna aliyemwona mwanamuziki pungufu kwa hilo.

Wakongwe walilijua hili la ukumbi vizuri kuliko sisi. Les Wanyika iliundwa mwaka 1978 na wanamuziki waliojitoa Simba Wanyika, akina Omari Shabani na Tom Malanga, wakaungana na John Ngereza. Walifanya mazoezi kwa miezi sita kabla ya kuanza kupiga katika klabu ya Garden Square, Nairobi. Miezi sita! Siku hizi bendi hukutana Jumanne ikapanda jukwaani Ijumaa. Lakini tazama mazoezi yale yalizaa nini: bendi iliyopata ukumbi wake, wasikilizaji waliojua pa kuikuta, na baadaye “Sina Makosa”, wimbo ambao hadi leo kila bendi ya rumba kati ya Rongai na Kitengela lazima iujue. Them Mushrooms nao, chini ya Teddy Kalanda Harrison, walikomaa wakipigia wageni katika hoteli za pwani. Walipotoa “Jambo Bwana” mwaka 1982, walikuwa tayari wameshawasoma wageni wale usiku baada ya usiku, wakajua ni maneno gani wanayaweza na mdundo gani unawainua vitini. Mwaka 1987 wakahamia Nairobi. Katika visa vyote viwili ukumbi ulitangulia, wimbo ukafuata.

Bomas penyewe, kituo cha utamaduni kilichoanzishwa mwaka 1971, pamekuwa na njia nyingine ambayo vijana huidharau bure: msanii wa ngoma za asili aliyeajiriwa, mwenye ratiba na mshahara. Mtu aliyepita katika kikundi cha namna hiyo hufika kazini kwa wakati, anajua kusimama jukwaani, na haogopi kupiga mbele ya watu wanaokula.

Sasa tuje kwenye karatasi, ambako ndiko kazi nyingi hufia. Mialiko mingi ya huku huja kwa ujumbe wa simu: “Sato uko?” Unajibu uko, na mapatano yamekwisha. Mvua ikinyesha kwenye bustani ya harusi saa kumi, nani anabeba hasara? Umeme ukipotea, jenereta ni la nani? Ukifika ukakuta wageni wamechelewa kwa saa tatu, unapiga mpaka saa ngapi? Ukurasa mmoja unatosha kujibu hayo yote. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya vipindi na urefu wa mapumziko. Andika nani analeta vyombo na umeme. Dai nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe, na salio kabla ya kipindi cha mwisho, si baada yake. Bwana harusi akishaondoka na gari lililopambwa, kamati ya harusi hutawanyika na simu hazishikwi. Andika pia kwamba pesa za kutuzwa ni za wanamuziki, hazihesabiki kama sehemu ya malipo. Nimeona ugomvi mkubwa ukizuka juu ya noti zilizobandikwa kipajini mwa mwimbaji.

Ukitaka kupanda kutoka baa hadi hoteli, mashirika na hafla za kaunti, utaulizwa PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Tangu Januari 2024, biashara haiwezi kuhesabu malipo kama gharama mbele ya KRA bila ankara hiyo, isipokuwa pale sheria ilipotoa msamaha. Mhasibu wa hoteli hakuchukii. Hana namna ya kukulipa. Bendi mbili zikiwa sawa kwa ufundi, yenye ankara ndiyo itakayoitwa.

Kuna pesa nyingine ambazo mpiga ala wa kawaida hata hajui ni zake. Rekodi moja hubeba haki za aina tatu. Aliyetunga ana haki yake, na kwa miaka mingi watunzi wa Kenya wamekuwa wakiwakilishwa na MCSK, iliyoanza mwaka 1983. Aliyegharamia rekodi ana yake; chama cha wazalishaji ni KAMP. Na aliyeimba au kupiga ala katika rekodi hiyo ana yake pia. Chama cha waigizaji na wanamuziki watendaji ni PRISK. Leseni za vyama hivi hutolewa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, nazo zimekuwa na mivutano mingi, kwa hiyo uliza bodi ni chama gani kina leseni mwaka huu kabla ya kujiandikisha. La msingi ni kwamba mpiga besi aliyelipwa siku moja studioni hajamaliza haki zake siku ile. Ili adai, lazima jina lake liwe limeandikwa kwenye kumbukumbu za rekodi. Kabla hujatoka studio, hakikisha limeandikwa, tena kwa herufi zile zile za kitambulisho.

Mfano ninaoupenda ni wa Ayub Ogada. Alitoka Kenya akapiga nyatiti mitaani London, na albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka mwaka 1993 chini ya lebo ya Real World. Wimbo wake “Kothbiro” ukatumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Mwaka 2018 Kanye West akatumia rekodi ya “Kothbiro” ya bendi ya Black Savage, ya miaka ya 1970, katika wimbo wake “Yikes”, na Ogada akatajwa miongoni mwa watunzi. Zaidi ya miaka arobaini ilikuwa imepita tangu rekodi ile ifanywe, na jina lilikuwa bado linafuatika. Ogada alifariki mwaka 2019.

Kwa wanaotegemea Skiza, huduma ya milio ya simu ya Safaricom, sheria ya marekebisho ya hakimiliki ya mwaka 2022 ilisema mwenye wimbo apate asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya milio hiyo. Aliyekuletea mkataba wenye pungufu ya hapo, mrudishie. Na kwa wanaoogopa kupiga nyimbo za watu ukumbini: leseni ya muziki unaopigwa mbele ya umma ni jukumu la mwenye ukumbi. Kurekodi wimbo wa mtu mwingine ni jambo tofauti. Hapo ruhusa ya mtunzi ni lazima.

Limebaki moja ambalo Gataka na mitaa inayofanana nayo italiona zaidi mwaka hadi mwaka: nyumba zinasogelea kumbi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinataka sauti katika makazi ishuke hadi desibeli 35 usiku, na usiku wa kanuni hizo huanza saa mbili. Desibeli 35 ni karibu na mnong'ono. Hakuna bendi ya dramu inayoweza kukaa hapo bila ukumbi uliozibwa sauti. Nimeona shoo ikizimwa katikati na vyombo kuchukuliwa, na vilikuwa vya mwanamuziki, si vya baa. Kwa hiyo kabla ya kukubali siku ya kila wiki, mwombe mwenye ukumbi akuonyeshe kibali chake cha kelele na leseni yake ya biashara, kisha utembee nje ukasikilize sauti inafika wapi. Bendi ninazozisimamia sasa zinajifunza kupiga Jumapili kuanzia saa nane mchana, gitaa mbili, kinanda na ngoma za mkono, familia zikiwa mezani na watoto. Malipo ni madogo kidogo kuliko ya Jumamosi usiku, lakini gharama ya gari la usiku haipo, jirani halalamiki, na saa moja jioni mpiga kinanda yuko nyumbani. Kumbi mbili tayari zimeomba tuwape Jumapili zote hadi Desemba.