Je, Wajua? Ua la Chungwa la Kando ya Barabara

Ukipita mashariki mwa Marekani mwezi Juni au Julai, utaona maua ya rangi ya chungwa yamejaa kwenye mitaro ya barabara na pembezoni mwa misitu. Wengi hudhani ni mayungiyungi, lakini sivyo. Huu ni Hemerocallis fulva, mmea wa Asia ya Mashariki uliopandwa bustanini, kisha ukatorokea porini.

Ili kuutambua, anza na shina. Yungiyungi halisi, la jenasi Lilium, lina majani kwenye shina lenyewe, na chini kuna tunguu. Hemerocallis majani yake yote huchipuka chini kabisa, marefu, membamba, yamepinda kama ya mchaichai. Shina la maua hupanda likiwa tupu, pengine kupita mita 1, ndipo ligawanyike kileleni. Ua lina petali 6, koo la manjano na mstari hafifu katikati ya petali, bila madoadoa. Hufunguka asubuhi, usiku limenyauka. Kesho tumba jingine hushika zamu.

La ajabu zaidi, aina iliyoenea huko kwa kawaida haizai mbegu, kwa kuwa seli zake zina seti 3 za kromosomu badala ya 2. Huenea kwa mizizi na mashina ya chini ya ardhi. Ndiyo maana ukikuta kichaka chake ndani ya msitu, mara nyingi hapo palikuwa na nyumba zamani.

Mwenye paka asiupande: sumu yake huharibu figo za mnyama huyo.